Gari ya dizeli ya zamani, injini mbovu: ovahoo, injini ya mtumba, au uachane nayo?

Unaona gari ya dizeli ya zamani inauzwa, bodi safi, chasisi haina kutu, bei ni nusu ya zenzake, alafu chini kabisa wameandika "inahitaji marekebisho kidogo ya injini". Tamaa inakushika. Mi imenishika mara kadhaa, na mara ya kwanza nililipa siku ileile kwa sababu muuzaji aliniambia ni gasketi ya hedi tu, nikaamini maana rejeta kweli ilikuwa inatoa mapovu na maji yanapungua, dalili zote zinakubaliana na maneno yake. Fundi alipoinua hedi tukakuta silinda ya tatu ina michirizi, ukipitisha ukucha unanasa, pistoni imesuguana na ukuta, na maji yalishaingia kwenye oili siku nyingi kwa hiyo metali za krenki (beringi za shafti kuu ya injini) zimechubuka zote. Gasketi ilikuwa mbovu kweli, hakunidanganya kwa hilo. Ila gasketi iliungua kwa sababu injini ilichemka, injini ilichemka kwa sababu rejeta iliziba, na ilipochemka mtu akaendelea kukanyaga mafuta mpaka afike anakokwenda.

Toka hapo swali langu la kwanza sio "itanigharimu kiasi gani kutengeneza", swali ni "nini kiliiua hii injini". Ukilipata jibu la hilo, kuchagua kati ya ovahoo (kuifungua injini yote na kuijenga upya), injini ya mtumba au kuiacha gari kunakuwa rahisi sana. Usipolipata unabahatisha, alafu kitu kilichoua injini ya kwanza bado kipo ndani ya gari kinaisubiri ya pili.

Kwanza, dizeli gani?

Watu wanasema "dizeli ya zamani" kama vile ni kitu kimoja. Sio. Kuna zile za pampu ya kimakenika, pampu inazungushwa na gia, cheni au belti, inasukuma mafuta, nozeli (mdomo unaopuliza mafuta kwenye silinda) inafunguka yenyewe presha ikifika, basi. Hamna kompyuta inayoamua chochote. Mfano 1HZ ya Toyota, silinda 6 lita 4.2, au TD42 ya Nissan, au OM617 ya Mercedes-Benz ile ya silinda 5 lita 3.0. Nozeli za namna hii kwenye injini zenye chemba ya awali zinafunguka kwenye presha ya kama bar 100 mpaka 150 hivi.

Alafu kuna komoni reli, pampu inajaza mafuta ya presha kubwa kwenye bomba moja (reli) na kompyuta ndio inafungua injekta. Hizi ziliingia kwenye magari madogo mwaka 1997, Alfa Romeo 156 ndio ilitangulia, presha za mwanzo zilikuwa kama bar 1,350 na baadaye zikapita 2,000. Nyingi sasa hivi nazo ni magari ya zamani, zina miaka 20 na zaidi, kwa hiyo unazikuta bei chee zikiwa na "tatizo dogo la injini" vilevile.

Katikati kuna kundi ambalo pampu ni ya zamani lakini inaongozwa na umeme, kama 1KZ-TE ya Toyota. Hizo zichukulie kama za kimakenika upande wa chuma, ila uwe na mtu anayejua umeme.

Tofauti yake kwenye uamuzi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye ya kimakenika, injini mbovu maana yake ni chuma kibovu: silinda, ringi, pistoni, hedi, krenki, nozeli, pampu. Vyote vinapimika na vingi vinachongeka. Kwenye komoni reli chuma kinaweza kuwa kizima kabisa na gari isiwake, kwa sababu pampu ya presha imeanza kujisaga, vumbi la chuma limeingia kwenye reli, mabomba, injekta, na likarudi na mafuta mpaka kwenye tenki. Hapo ukibadilisha pampu peke yake umepoteza hela, ile mpya itakula uchafu wa ile ya zamani. Inabidi pampu, reli, mabomba, injekta zote, na tenki lisafishwe mpaka liwe jeupe. Kwa gari ya umri huo bili hiyo peke yake inaweza kupita thamani ya gari ikiwa nzima. Chanzo mara nyingi ni mtu aliyetia petroli kwa bahati mbaya au mafuta yenye maji, maana dizeli ndio inayolainisha ile pampu, ukiondoa ulainishi chuma kinasuguana na chuma.

Kwa hiyo mi nikikuta komoni reli haiwaki, kabla ya kitu chochote naomba ifunguliwe filta ya dizeli imwagwe kwenye chombo cheupe na niitazame kwa tochi. Ukiona vitu vinang'aa kama unga wa fedha, mshukuru muuzaji uondoke.

Kuijua kabla ya kulipa

Hapa nitakaa kidogo maana ndio penye hela.

Dizeli haina plagi za cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe, kwenye hizi za zamani hewa inabanwa kati ya mara 16 na 22 wakati injini nyingi za petroli za zama hizo ni mara 8 mpaka 11 tu. Kwa hiyo kompresheni ndio uhai wake. Petroli yenye kompresheni dhaifu itajikongoja, dizeli yenye kompresheni dhaifu asubuhi haiwaki, na hapo ndio utasikia "ni betri hiyo" au "ni hita plagi", zile plagi zinazopasha moto silinda wakati wa kuwasha. Inawezekana kweli ni hita plagi, ndio maana zinapimwa, ni kazi ya dakika chache na mita ya umeme. Ila ukipima zikawa nzima na stata inazungusha vizuri na bado haiwaki mpaka wapulizie kitu kwenye njia ya hewa, jua kompresheni imeondoka.

Fika injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji kabisa asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono kwenye injini. Ya moto? Kuna kitu hataki ukione.

Ikiwaka angalia moshi. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo: filta ya hewa, nozeli zinazomwaga badala ya kupuliza, au tabo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini) imechoka. Hiyo kwa kawaida ni habari nzuri, vinatibika bila kufungua injini. Wa bluu ni oili inaungua, imepitia kwenye ringi, sili za valvu au tabo, na hapa usikimbilie kusema ovahoo kabla hujafungua bomba la hewa la tabo ukaona kama limejaa oili. Mweupe ndio una mambo mawili yanayofanana kwa macho. Ukichoma macho na kunuka dizeli mbichi, ni mafuta hayajaungua, aidha kompresheni ndogo au taimingi ya pampu imechelewa. Ukiwa kama mvuke, una harufu ya utamutamu, na hauishi hata injini ikipata moto, hayo ni maji ya kulanti. Tofauti ya hayo mawili kwenye bili ni kubwa, kwa hiyo nusa, usione aibu.

Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Kapumzi kadogo ni kawaida kwa injini yenye umri. Ikipumua kwa nguvu kama inakohoa, kwa mapigo, ukikiweka kifuniko juu ya tundu kinarukaruka mpaka kinadondoka, gesi inapita kwenye ringi. Hiyo ni ya kufungua mpaka chini.

Oili kuwa nyeusi kwenye dizeli sio ugonjwa, ni masizi, hata ukimwaga leo kesho imeshabadilika. Ugonjwa ni oili ya rangi ya maziwa, hapo maji yameingia, au oili nyepesi kupita kiasi inayonuka dizeli na kipimo kwenye dipstiki kiko juu ya mstari. Hiyo ya pili watu wengi wanaipita. Maana yake mafuta yanavuja kwenda kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na dizeli ikichanganyika na oili metali hazina muda.

Mlio. Dizeli zote zinagonga, ndio sauti yake, kwa hiyo mtu aliyezoea petroli atasema kila injini imenoki. Kwenye ya kimakenika fundi analegeza nati ya bomba la nozeli moja moja. Akilegeza ya silinda fulani na kule kugonga kukapotea, mlio unatoka kwenye silinda hiyo. Akilegeza na hakuna kilichobadilika hata kidogo, silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi kabisa. NARUDIA, hii ni kwa pampu ya kimakenika tu. Kwenye komoni reli usiguse nati yoyote ya mabomba ya presha injini ikiwa inafanya kazi, ile presha inapenyeza dizeli chini ya ngozi, kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano lakini ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, watu wamekatwa vidole.

Mwisho kipimo cha kompresheni chenyewe. Geji ya petroli haifai, inaweza kuharibika. Inatakiwa ya dizeli, inaingia kwenye tundu la hita plagi au la nozeli. Injini nyingi za hivi zikiwa na afya zinasoma kama bar 25 mpaka 35, na nyingi zikishuka kuelekea 20 zinahesabika zimechoka, ingawa mwenye neno la mwisho ni kitabu cha injini yenyewe. Mi naangalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Zote zikiwa 24 ni injini iliyozeeka kwa usawa, utaishi nayo. Tano zikiwa 30 na moja 15, kuna kilichovunjika, kilichopasuka au kilichoungua, na ukisukuma hewa kwenye hiyo silinda utasikia inakotokea: kwenye tundu la oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu, mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi yenye ufa.

Na kama injini haizunguki kabisa? Jaribu kwa spana kwenye nati ya mbele ya krenki, maana wakati mwingine ni altaneta au stata imenasa. Ikigoma, hesabu kwamba gari haina injini, na bei uitaje hivyohivyo, hata kama muuzaji anaapa kwamba ilisimama ikiwa nzima.

Ovahoo na injini ya mtumba, uso kwa uso

Sasa umeshajua. Tuseme chini kumechoka, ringi hazishiki, au metali zimekwenda. Una njia mbili, na nimepita zote.

Ovahoo maana yake injini inashuka, inafunguliwa yote, inapimwa. Blok inapimwa kama silinda zimekuwa yai au zimetanuka juu. Ikiwa ni ya laina (kuta za silinda zinazochomolewa) unabadilisha laina, ikiwa haina laina inachongwa kwenda saizi ya pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida kwa hatua za nusu milimita, 0.50 kisha 1.00, kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kama imeshachongwa huko nyuma, maana ikiwa imefika mwisho hakuna nyama ya kuchonga tena. Krenki vilevile, inasagwa kwa hatua za 0.25 na metali zinafuata saizi hiyo. Hedi inajaribiwa presha, yaani wanaziba matundu, wanaizamisha kwenye maji ya moto na kusukuma hewa, ufa unaonekana kwa mapovu. Na hapa niseme: hedi nyingi za dizeli sio za kusawazisha kiholela kama za petroli. Nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo sana, ukipunguza hedi bila kurudisha vina vya valvu unazigonganisha. Gasketi yenyewe inachaguliwa unene kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya blok, ndio maana gasketi za injini moja zina alama za vitobo au mikato tofauti. Fundi asiyekuuliza habari ya vitobo na akanunua gasketi yoyote, msimamishe hapohapo.

Faida yake: unajua kila kitu kilichomo ndani. Injini ni ileile, namba ileile, karatasi za gari hazibadiliki, hakuna waya wa kuunga wala maunti za kuchomelea. Ikifanywa vizuri inaweza kukubeba maisha yote ya gari iliyobaki.

Ubaya wake ni muda, na kwamba inategemea mkono wa mtu. Ni wiki, sio siku. Spea moja ikikosekana kila kitu kinasimama, na hapo ndio ushawishi unaanza, "hii metali weka tu ya saizi hii", "hizi boli za hedi bado nzima". Boli za hedi kwenye injini nyingi zinavutika zinapokazwa, hazirudiwi. Nozeli na pampu kama hazijaenda kupimwa mezani umefanya ovahoo nusu, sababu nozeli moja inayomwaga mafuta badala ya kuyapuliza inaweza kutoboa pistoni mpya. Na kama injini ya kwanza ilikufa kwa metali kusagika, ule unga wa chuma uko kwenye mifereji ya oili na kwenye kipozeo cha oili, usipoviosha umejenga injini mpya juu ya uchafu uliomuua mwenzake.

Injini ya mtumba ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Kama ni ileile kabisa, inaingia ndani ya siku 2 au 3 na gari inatembea. Bei unaijua toka mwanzo, tofauti na ovahoo ambayo bei yake inajulikana baada ya kufungua. Usichokijua ni ilikotoka na ilivyotunzwa, na mara nyingi hata anayeiuza hajui.

Alafu neno "ileile" lina mitego. Injini yenye kodi moja inaweza kuwa na sampu ya mbele kwenye gari moja na sampu ya nyuma kwenye nyingine, haikai juu ya ekseli yako. Ya gari ya otomatiki inaweza kukosa beringi ndogo nyuma ya krenki inayoshika shafti ya gia ya manyuo. Isiyo na tabo sio ya kufungia tabo tu ukategemea itadumu, pistoni na upoozaji wake mara nyingi ni tofauti. Na kwenye zenye umeme, bila kompyuta yake, waya zake, na mara nyingine ufunguo unaotambulika na hiyo kompyuta, umenunua chuma kizito cha kuweka stoo. Na namba ya injini: sehemu nyingi imeandikwa kwenye karatasi za gari, kwa hiyo ukibadilisha injini ujue una safari ya ofisini pia, na uwe na risiti inayoonyesha uliitoa wapi.

Nikinunua ya mtumba siichukui ikiwa imefungwa kwenye plastiki. Naizungusha kwa mkono mzunguko mzima mara mbili. Naomba sampu ishushwe, nafungua kofia moja ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) naangalia metali, ikiwa na rangi ya shaba imeshaliwa. Naangalia ndani ya njia ya maji, kutu nyingi maana yake iliendeshwa na maji matupu, na injini za laina zenye kuguswa na maji zinatobolewa na hilo taratibu kutoka nje. Kabla haijaingia kwenye gari inabadilishwa belti ya taimingi, pampu ya maji, termostati na sili ya nyuma ya krenki, kwa sababu ikiwa nje ni kazi ya asubuhi moja na ikishaingia ni kushusha gia boksi. Belti usiifanyie ubahili. Kwenye dizeli belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni karibu kila mara.

Kwa hiyo ipi? Kama ni ya kimakenika, spea zake zinapatikana, blok haijapasuka, krenki inasagika, na fundi wangu namwamini, mi nachagua ovahoo, hata ikiwa ghali zaidi kidogo. Nimeshalala usingizi kwenye ovahoo nzuri, kwenye injini ya mtumba nilikuwa kila asubuhi nasikiliza. Kama konrodi imetoka ubavuni, blok ina ufa, krenki imekatika, au imeshachongwa mpaka mwisho, usipoteze muda, tafuta ya mtumba. Kama gari ni ya kazi na kila siku inayolala ni hasara, ya mtumba inaweza kushinda hata pale ambapo ovahoo ndio bora kifundi, hilo nalikubali kabisa. Na ikiwa ni injini adimu ambayo ringi zake zinaagizwa kwa miezi, hapo sina ubishi pia.

Kuna njia ya tatu, ya juu tu

Hedi tu. Gasketi, valvu, labda hedi nyingine. Watu wanaipenda kwa sababu ni rahisi, na ni halali kabisa pale ambapo kompresheni ilikuwa sawa kwenye silinda zote kabla ya kuchemka, injini ilizimwa mapema, na ukifungua unaona ukuta wa silinda bado una ile michoro ya kuvukana ya kiwandani. Kama ukuta umekuwa kioo au una mistari, kutengeneza juu tu ni kusogeza tatizo. Juu kukiwa kupya kunabana vizuri, ringi zilizochoka chini zinashindwa, oili inaanza kuliwa zaidi kuliko hata mwanzo.

Na kuiacha

Linganisha na gari ya aina hiyohiyo ambayo inatembea. Mi nachukua bei ya mbovu, naongeza ovahoo au injini, naongeza vile vitu ambavyo hakuna anayevitaja, yaani rejeta, hozi, feni, klachi ambayo utaibadilisha tu kwa kuwa gia boksi imeshashuka, oili na filta mara mbili, kubebwa kwa gari mpaka gereji, alafu juu ya jumla hiyo naongeza robo kwa yale tutakayoyakuta ndani. Ikifika au ikapita bei ya inayotembea, sina sababu ya kuichukua, isipokuwa bodi yake ni nzuri kupita kiasi, kwa sababu kutu kwenye chasisi ni mbaya kuliko injini mbovu, injini inabadilishwa. Ila na inayotembea nayo ipime kama nilivyoeleza juu, maana kuna nyingi zinazotembea leo ambazo ovahoo yake ni ya mwakani na wewe ndio utailipia.

Naziacha bila mjadala: komoni reli yenye vumbi la chuma kwenye mafuta, iliyozama kwenye maji, na ile ambayo mafundi watatu wameshaifungua na boli zinakuja kwenye ndoo. Ya mwisho hiyo inauma kusema, kuna magari mazuri yamefia hivyo, lakini ukikosa shimu moja au kofia za beringi zikichanganywa, blok hiyo haina uhakika tena. Kofia zile zinachongwa pamoja na blok yake, hazihamishiki.

Ikishafungwa

Kwa kifupi tu. Ovahoo mpya ya dizeli usiiache inaunguruma bila mzigo nusu saa nzima ati unaizoesha, ringi hazikai, ukuta unakuwa kioo. Iwashe, hakikisha presha ya oili ipo na hakuna kinachovuja, iendeshe barabarani kwa mzigo wa wastani ukibadilisha mwendo, usiikabe kwenye gia kubwa na mwendo mdogo, na oili ya kwanza imwage kati ya kilometa 500 na 1,000. Ya mtumba haihitaji kuzoeshwa ila oili yake ya kwanza imwage mapema pia, utaona mengi kwenye hiyo oili.

Sasa hivi nina moja naifuatilia. Ya kimakenika, silinda 6, bodi haijaguswa, muuzaji anasema ilichemka mara moja na akaizima. Kompresheni silinda nne ziko 28, mbili zilizo jirani ziko 17 zote, na mbili za jirani zikishuka pamoja namna hiyo mara nyingi ni gasketi imeungua katikati yao. Inawezekana kweli ni juu tu. Lakini hilo nilishaliamini mara moja. Nimemwambia fundi wangu atainua hedi palepale kwa muuzaji kwa gharama yangu, kuta zikiwa na michoro nalipa bei anayoitaka muuzaji bila kupunguza hata kidogo na rejeta naibadilisha kabla haijawashwa, zikiwa na mistari tunashuka kwenye bei ya gari isiyo na injini, na tumeandika hivyo kwenye karatasi tukasaini wote wawili. Jumamosi tunafungua.